Dasta na Ukurasa wa Pamoja

Jina halisi la mwalimu wetu wa jiografia limo kwenye faili ofisini, na huko limepumzika. Wote tunamwita Dasta: wanafunzi wakiwa mbali naye, sisi walimu wenzake tukiwa karibu naye, na mkewe, fundi cherehani, akimpigia simu kuuliza kama atarudi kula. Mwenyewe hakasiriki. Husema wapo waliopewa majina mabaya zaidi kwa makosa madogo zaidi.

Jina lilitokana na kufuta. Katika chuo cha ualimu alichosoma, mkufunzi mmoja mkali aliwaambia kwamba anayefuta ubao ni mwalimu anayetoka, si anayeingia. Anayeingia akikuta ubao umejaa, ni sawa na mgeni kukaribishwa mezani akakuta sahani ya aliyekula kabla yake. Wenzake waliyasikia hayo, wakafaulu mtihani, wakayasahau. Dasta aliyapokea kama wosia. Ana dasta yake mwenyewe, kibao kilichovishwa kipande cha blanketi, na mkewe hukivisha blanketi jipya kila la zamani linapoisha. Hufuta kuanzia juu kushoto kwenda kulia, kisha hushuka mstari wa pili, kama mtu anayesoma. Hafuti kwa kuzungusha mkono. Wanaozungusha mkono, husema, hawafuti, wanahamisha vumbi.

Tabia hiyo haibaki shuleni. Mgahawani huifuta meza kabla mhudumu hajafika, na mhudumu mmoja amezoea kumwekea kitambaa tayari. Nyumbani amepigwa marufuku kukaribia kibao cha ukutani ambacho mkewe huandikia vipimo vya wateja, tangu siku mama mmoja mwenye mwili wake alipotengenezewa gauni kwa vipimo vya kukisia na likamtosha mkono mmoja.

"Mume wangu, kafute vya shuleni," mkewe alimwambia. "Kiuno cha mteja hakifutwi."

Muhula ambao kompyuta zililetwa shuleni kwetu, Mkuu wa shule alimwita Dasta ofisini, akamkaribisha kiti kwa ule upole unaotangulia habari mbaya.

"Mzee wangu, umechoka."

"Sijachoka, Mkuu."

"Umechoka, ila hujajua. Sasa watoto watasoma kwa mtandao, wanaandika wote kwa pamoja. Mambo ya vijana haya. Nimeona nikupumzishe. Stoo ya vitabu haina mtu."

"Stoo haina wanafunzi."

"Ndiyo raha yake."

Dasta alitazama ukutani. Funguo za stoo zilining'inia kwenye msumari, zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Alikuwa amefundisha Kidato cha Pili maisha yake yote ya kazi, na alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Hakutaka kuumalizia pamoja na panya na vitabu visivyo na majalada.

"Nipe muhula huu," alisema. "Nikishindwa, nitazichukua mwenyewe."

Mkuu alifikiri. Mkaguzi wa elimu alitarajiwa mwisho wa muhula, kuja kuona jinsi kompyuta zinavyotumika. Wakakubaliana kwamba Dasta ndiye atakayefundisha mbele yake. Mkaguzi akiridhika, Dasta atabaki na Kidato cha Pili mpaka aage. Asiporidhika, msumari uko pale pale.

Aliyetufundisha walimu matumizi ya vyombo hivyo alikuwa Mwalimu wa Kompyuta, binti mwembamba aliyetoka chuoni karibuni, anayeongea haraka kama anayekimbia mvua. Alituketisha kwenye chumba cha kompyuta akatuonyesha ukurasa mweupe.

"Huu ni ukurasa wa pamoja. Mimi nikiandika hapa, nyote mnaona. Na nyinyi mkiandika, mimi naona. Kila darasa litakuwa na ukurasa wake mmoja, na kila somo litakuwa na sehemu yake humo humo."

Mwalimu wa Historia alikuwa anajaribu kuibonyeza skrini kwa kidole.

"Baba, umeelewa?" binti alimuuliza Dasta, kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko wote.

"Nifafanulie kidogo, binti yangu."

"Ni kama ubao tu. Ila hapa kila mwanafunzi ana chaki yake."

Dasta aliitikia kwa kichwa, taratibu, uso ukakunjuka. Maelezo yale yalimwingia. Shida ni kwamba yalimwingia yote.

Mkuu naye akaongeza la kwake. Alisema walimu wote watatumia akaunti moja, iitwayo Walimu, na neno la siri moja, kwa sababu yeye hawezi kukariri mawili. Binti alijaribu kupinga. Mkuu akamwambia kwamba umoja ni nguvu, na mjadala ukafungwa.

Lililotushangaza ni kwamba Dasta aliuweza ukurasa ule kuliko sisi sote. Alikipa kila kikundi sehemu ya mto: cha kwanza chanzo, cha pili maporomoko, cha tatu uwanda, na cha mwisho mdomo wa mto. Watoto wakaandika wote kwa wakati mmoja. Chumba kikawa kimya na ugomvi ukahamia kwenye skrini. Mmoja aliandika kwamba mto huanzia mlimani, mwingine akafuta "mlimani" akaweka "kwenye chemchemi", wa kwanza akarudisha mlima, wa pili akarudisha chemchemi, mpaka mto ule ukakaa nusu saa bila kujua uanzie wapi.

Dasta alikuwa akiwaangalia kutoka kwenye kompyuta ya mbele na kuwajibu kwa maandishi mekundu. "Chemchemi iko mlimani. Patanisheni." Akaona mshale mmoja umesimama muda mrefu bila kusogea, akaandika: "Wa mwisho dirishani, meza kwanza halafu uandike."

Msichana wa dirishani alimeza. Darasa zima likageuka kumtazama.

"Ticha umejuaje?" aliuliza, mdomo bado una makombo.

"Chaki yako imelala."

Kipindi kilipokaribia mwisho alifanya kama alivyozoea tangu enzi za chaki. Kwanza darasa zima lilisoma kwa sauti moja kila kilichoandikwa, kutoka juu hadi chini, yeye akipiga mdundo kwa rula. Kisha alisema, "Nakilini," na watoto wakanakili yote kwenye madaftari. Halafu kengele, "kwaheri Mwalimu," viti vikaburutwa, na chumba kikabaki kitupu.

Dasta alikaa mbele ya ukurasa uliojaa. Alijua kuna mwalimu mwingine anafuata. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufutia, akafuta.

Alifuta sehemu ya jiografia. Chini yake akakuta mashairi ya Kidato cha Pili ambayo Mwalimu wa Fasihi aliyaacha asubuhi, na chini ya mashairi, vita fulani vya Mwalimu wa Historia. Akasikitika kidogo kwa ajili ya adabu za vijana wa siku hizi, akawafutia na wao, kimyakimya, kama mtu anayefunga zipu ya mwenzake bila kumwaibisha. Hakusoma. Kanuni yake ya pili ilikuwa kwamba maandishi ya mwenzako ubaoni hayasomwi, yanafutwa. Ukurasa ulipokuwa mweupe kabisa, alikung'uta mikono, ingawa haikuwa na vumbi, akazima kompyuta.

Akaendelea hivyo kila kipindi.

Malalamiko hayakuchelewa. Mwalimu wa Fasihi aliingia chumba cha walimu akiwa karibu kulia.

"Mashairi yamekwenda. Yote."

"Vita vyangu pia," alisema Mwalimu wa Historia. "Niliviacha vimefika pazuri."

Mwalimu wa Kompyuta alichungulia mashine yake, akaturudishia kazi zote, lakini kesho yake zikapotea tena. Tulimuuliza nani anafuta. Alisoma kwenye skrini, akakuna kichwa.

"Inasema amefuta Walimu."

"Walimu gani?"

"Walimu. Ndiyo jina la akaunti. Ni sisi sote."

Tukatazamana. Kuanzia siku hiyo chai ya saa nne ilinywewa kwa wasiwasi, kila mtu ameshika kikombe chake kwa mikono miwili. Wengine walisema ni kirusi. Mwalimu wa Historia alishikilia kwamba ni majasusi wa shule jirani, wanaotuonea wivu tangu tulipowafunga mpira wa wavu. Mkuu aliunda kamati ya kumsaka mwizi wa maandishi, na kwa kuwa jiografia ndilo somo pekee ambalo halikuwa limelalamika, Dasta akaonekana mtu asiye na upande. Akafanywa mwenyekiti.

Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Alikasirika kuliko waliopotelewa.

"Kuna watu hawana haya," alituambia kikaoni. "Jasho la mtoto wa mwenzio unalifuta vipi? Na nyinyi wenzangu, hamwambii watoto wanakili? Mimi wangu wananakili. Mwizi akija anakuta kila kitu kiko daftarini."

"Hilo kweli," tulisema.

"La pili, na hili linaniuma siku nyingi. Mnaacha ubao mchafu. Mtu unaingia unakuta mavita na mamashairi yamejaa. Nafuta, nafuta, sisemi. Leo nasema."

Tuliinamisha vichwa. Kila mmoja wetu alikuwa na ubao wa chaki aliowahi kuuacha mchafu, na aibu ilituziba masikio. Hakuna aliyejiuliza anasemea ubao upi.

Kamati iliazimia mlinzi wa lango akae kwenye mlango wa chumba cha kompyuta vipindi vinapoisha. Mlinzi ni mtu wa maneno machache. Alikaa pale na rungu lake, akilinda ukurasa. Siku iliyofuata ukurasa ulikuwa mweupe kama yai.

"Nani aliingia?" Mwenyekiti alimhoji.

"Hakuna aliyeingia."

"Fikiria vizuri."

"Nimefikiria. Kuingia, hakuna. Kutoka, ulitoka wewe, Mwalimu."

"Mimi naongelea kuingia."

"Ndiyo nasema, hakuna."

Dasta alitupa taarifa kwamba mwizi anapita kwenye nyaya.

Ikafika siku ya Mkaguzi. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa mnyororo na mkoba mkubwa uliotosha kubebea mbuzi. Mkuu alimpokea mbele ya chumba cha kompyuta, akasimama wima, akasema, "Mheshimiwa, sikuandaa hotuba." Akaweka mkono kifuani. "Nasema tu yaliyoujaza moyo wangu. Ujio wako ni..." Hapo akasita, kama mtu anayetafuta neno. "Ni kama mvua kwenye shamba la kiangazi."

Mkaguzi alisema ahsante, akaingia.

Mwalimu wa Kompyuta alikuwa amerudisha kazi zote za muhula mapema asubuhi, masomo yote, na kuziwasha kwenye projekta. Ukuta mzima ulijaa: mashairi, vita, mimea, na nafasi ya jiografia ikisubiri. Dasta alikuwa amevaa suti aliyofungia ndoa, mkewe ameipunguza pale alipopungua na kuiongeza pale alipoongezeka. Alifundisha tabaka za mawingu. Vikundi viliandika, vikagombana, vikapatana. Msichana wa dirishani alimsahihisha mwenzake bila kuinua kichwa. Mkaguzi aliomba kompyuta, akaandika swali katikati ya mawingu, na majibu matano yakamwangukia kwa pamoja, moja likiwa ni mchoro wa ng'ombe.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni wingu, Mheshimiwa," mtoto mmoja alijibu. "Limeharibika."

Mkaguzi alitabasamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Mkuu alinikonyeza mimi niliyekuwa karibu naye. Nilitazama uso wa Dasta nikaona anang'aa. Zile funguo zilikuwa mbali kabisa.

Kengele ililia. Watoto walisoma kwa sauti moja, wakanakili. Mkaguzi akainuka, akasema sasa angependa yeye naye azungumze kidogo na darasa.

Kwa Dasta, maana yake ilikuwa moja: kuna mwalimu anaingia. Tena mgeni wa heshima.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema. "Nikupishe kwanza."

Akakaa, akachagua kila kitu kilichokuwa ukutani kuanzia juu kushoto hadi chini kulia, akabonyeza kitufe kimoja. Kazi ya muhula mzima, masomo yote, ikatoweka mbele ya macho yetu. Ukuta ukabaki mweupe. Dasta akakung'uta mikono, akaonyesha kiti kwa adabu.

"Karibu. Ubao ni wako."

Mwalimu wa Fasihi alishika ukuta. Mlinzi, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyesema kwanza.

"Mimi nilisema. Nilisema hakuna aliyeingia."

Dasta aliwatazama mmoja mmoja. "Kuna nini?"

"Baba," alisema Mwalimu wa Kompyuta, polepole kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, "huwa unafuta kila kipindi?"

"Sasa niache uchafu?"

"Na sehemu za wenzako?"

"Wanasahau. Nawasaidia." Kisha tukaona jambo lenyewe likimshukia. "Kwa hiyo yule mwizi tunayemtafuta..."

"Ni wewe, Mwenyekiti," alisema Mwalimu wa Historia.

Mkuu alikuwa amegeuka rangi. Alimwambia Dasta kwa sauti ya chini, ambayo wote tuliisikia, kwamba wakitoka hapo wapitie ofisini, kuna kitu kwenye msumari. Dasta alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua.

"Hakuna kilichoharibika," Mwalimu wa Kompyuta alisema haraka. "Kila kitu kipo. Narudisha sasa hivi."

"Kipo?" Dasta alishtuka zaidi. "Binti yangu, nimefuta muhula mzima. Vyote nilivyofuta viko wapi?"

"Vipo, baba. Ukurasa hausahau."

Dasta alikaa chini kama mtu aliyeambiwa kwamba takataka alizozitupa miaka yote zilikuwa zinarudi nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Binti aliingia kwenye historia ya ukurasa, macho ya Mkaguzi yako mgongoni mwake. Alitaka kurudi nyuma dakika chache. Akapitiliza, akaangukia Jumamosi iliyopita. Ukutani yakatokea maandishi makubwa.

Watoto wa Kidato cha Pili wamefundishwa kwamba kitu kikitokea ubaoni, kinasomwa kwa pamoja. Na ilikuwa siku ya mgeni. Wakasoma, kwa sauti moja, yenye mdundo:

"Mheshimiwa, sikuandaa hotuba. Hapa nishike kifua. Nasema tu yaliyoujaza moyo wangu. Ujio wako ni, hapa nisite kidogo kana kwamba natafuta neno, kama mvua kwenye shamba la kiangazi. Au kama taa gizani. Au kama mshahara kabla ya mwisho wa mwezi. Hapana, ataona tunalalamika. Nichague mvua."

Mkuu alikuwa anajua kufungua ukurasa mmoja tu shuleni, na ndio huo. Alikuja Jumamosi kujiandikia hotuba, Dasta akaikuta Jumatatu, akaifuta bila kusoma, na Mkuu akadhani ameipoteza mwenyewe kwa kubonyeza vibaya. Kwa bahati alikuwa ameshaikariri.

"Nikimaliza," darasa liliendelea, "nimsifie miwani."

Mkaguzi alishika miwani yake.

"Bado hujafikia hapo, Mkuu," alisema.

"Mwalimu," Mkuu alimwambia Dasta, jasho likimshuka, "futa."

"Nifute, Mkuu?"

"Futa."

"Si umesema..."

"Mzee wangu, baba yangu, nakuomba. Futa."

Dasta alisogea kwenye kompyuta. Kwa kuwa alikuwa ameombwa kwa heshima, aliifanya kazi kwa heshima. Hakufuta yote kwa mara moja. Alianza juu kushoto, herufi kwa herufi, kwenda kulia, kisha akashuka mstari. "Mvua" ilikaa ukutani muda mrefu sana. Mkaguzi alikuwa amevua miwani anafuta macho, mabega yanamtikisika, na Mkuu anahesabu vigae vya sakafu.

Ukuta uliposafika, Mkaguzi alivuta pumzi.

"Darasa nimeliona," alisema. "Miaka mingi nazunguka, sijaona watoto wakigombana kimya hivi. Nimesikia habari za msumari. Mwalimu huyu mnampeleka wapi?"

"Hapelekwi popote, Mheshimiwa," Mkuu alijibu upesi. "Anabaki hapa hapa. Kidato cha Pili. Mtu kama huyu..." Akashika kifua, akakumbuka, akashusha mkono.

Watoto wakashangilia. Binti akarudisha kazi zote, safari hii bila kupitiliza.

Siku iliyofuata kila mwalimu alipewa akaunti yake na neno lake la siri. Mkuu aliandika la kwake kiganjani. Mwalimu wa Kompyuta akamtengenezea Dasta ukurasa wa ziada, unaoitwa Ubao wa Kufuta, usio na kazi yoyote ila kufutwa, na wa darasa akaufunga asiweze kufuta vya wengine. Kipindi kikikaribia mwisho, watoto hukimbilia huko kumwandikia uchafu: ng'ombe, mawingu yaliyoharibika, "Mwalimu, hapa bado," na chini kabisa, "na hapa." Yeye huwasubiri watoke, kisha anaanza juu kushoto.

Mkuu akitarajia mgeni, hupitia kwanza pale mlangoni.

"Umeshafuta?"

"Nimefuta, Mkuu."

"Kufuta kwa kweli, au kufuta kwa mtandao?"

Dasta hujibu kwamba hilo amuulize binti.

Funguo za stoo bado ziko kwenye msumari ule ule, na kamba yake ya kiatu. Dasta akiitwa ofisini, kabla hajaketi, huzifuta vumbi.